Babu Aliyepatikana Dagoni: Utani, Kustaafu na Nafasi ya Mzee katika Tamthilia ya On Golden Pond

Ikisiri

Makala hii inahakiki tamthilia ya On Golden Pond ya mtunzi Mmarekani Ernest Thompson, inayosimulia majira ya joto ya profesa mstaafu na mkewe kando ya ziwa katika jimbo la Maine. Hoja kuu ni kwamba maneno makali ya mhusika mkuu, Norman Thayer, yanaeleweka vizuri zaidi yakipimwa kwa kipimo cha utani kama unavyofahamika katika jamii za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Norman ni mtani asiye na watani: anamtania mkwe na binti, ambao kwa desturi zetu si watu wa kutaniwa, na anapona pale tu anapompata mtoto anayeweza kuitwa mjukuu. Makala inaonesha athari za usomaji huu kwa mfasiri wa Kiswahili, kisha inajadili funzo lake, pamoja na mipaka ya funzo hilo, kwa wapangaji wa sera za wazee.

Utangulizi

On Golden Pond ilifika jukwaa la Broadway, New York, mwaka 1979. Miaka miwili baadaye Thompson mwenyewe aliiandika upya kwa ajili ya filamu iliyoongozwa na Mark Rydell. Filamu hiyo ya mwaka 1981 iliwapatia Henry Fonda na Katharine Hepburn tuzo za Oscar za uigizaji bora, na Thompson akapata ya mswada uliotoholewa. Mwaka 2005 tamthilia ilirudi Broadway, safari hii James Earl Jones na Leslie Uggams, waigizaji Wamarekani weusi, wakiwa Norman na Ethel. Kazi iliyoanza kama kisa cha familia moja ya wasomi wa kizungu imethibitisha kuwa inaweza kuvuka mipaka ya rangi. Swali letu ni kama inaweza kuvuka mipaka ya lugha, na ikivuka, itabeba nini.

Msuko wake ni mwepesi. Onesho la kwanza ni mwezi Mei, Norman na Ethel wanapoifungua nyumba yao ya kando ya ziwa kwa majira yao ya arobaini na nane. La mwisho ni Septemba, wanapoifunga. Katikati, mwezi Julai, Norman anatimiza miaka 80. Binti yao Chelsea anakuja na mchumba wake Bill, daktari wa meno, pamoja na mtoto wa Bill, kijana mdogo aitwaye Billy. Wapenzi hao wanasafiri kwenda Ulaya na kumwacha Billy kwa wazee. Mzee na kijana wanavua samaki. Chelsea anarudi Agosti, na baba na binti wanajaribu kusema yale waliyoshindwa kuyasema kwa miaka mingi. Siku ya kuondoka Norman anashikwa na maumivu ya moyo, maumivu yanapita, na wazee wanatoka kwenda kuliaga ziwa.

Ni rahisi kuisoma kazi hii kama hadithi tamu ya upatanisho, na wapo watakaoidharau kwa utamu huo. Tunadai kuwa utamu uko juujuu. Chini yake kuna swali gumu: mtu anayeondolewa kazini anabaki na nafasi gani kati ya watu, na ni nani mwenye uwezo wa kumpa nafasi hiyo?

Majira, nyumba na dago

Mfasiri wa Kiswahili atakwama kabla hajafika kwenye mazungumzo. Majira ambayo ni roho ya tamthilia hii hayana neno moja katika lugha yetu. Kamusi inaweza kumpa kiangazi, lakini kwa msomaji wa Kigoma, Bukavu au Bujumbura kiangazi ni wakati wa ukame, vumbi na majani yaliyokauka. Majira ya Maine ni kinyume chake: ndio wakati pekee ambapo ziwa liko wazi, misitu ni mibichi na matunda ya porini yanaiva. Kabla yake na baada yake kuna baridi inayogandisha maji. Atakayeandika kiangazi ataleta ukavu mahali ambapo mtunzi ameweka uhai mfupi. Maneno majira ya joto ni bora, ingawa hayana historia moyoni mwa msikilizaji.

Lipo, hata hivyo, neno linalobeba kile ambacho majira peke yake hayabebi. Wavuvi wa mwambao huita dago kambi ya muda wanayoipiga ugenini katika msimu wa samaki. Dago hufunguliwa na hufungwa. Si nyumbani, lakini wanaokaa humo kwa misimu mingi hujuana kuliko majirani wa mjini. Nyumba ya akina Thayer ni dago la namna hiyo. Tamthilia nzima hutendeka ndani ya sebule yake moja. Uvuvi wenyewe, tofauti na katika filamu, hatuuoni, tunaona tu watu wakienda na kurudi. Ukubwa wa jamii inayoizunguka ni wa kiasi hicho hicho: Charlie, mpeleka barua anayezunguka ziwani kwa boti na ambaye zamani alimpenda Chelsea; mhudumu wa simu; na ndege wa majini ambao Ethel huwasikiliza kila jioni. Ulimwengu wa mstaafu umepungua hadi kuwa dago, na kila mwaka huenda ndilo dago la mwisho.

Kuomba kuachiliwa

Kitenzi chetu kustaafu kimetokana na Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru katika kazi. Ndani yake kuna adabu: mtu huomba, naye huruhusiwa. Norman hakuomba. Katika onesho la pili tunamkuta akisoma matangazo ya kazi gazetini, mzee wa karibu miaka 80, akitaja kazi zisizomfaa hata kidogo. Hadhira hucheka. Lakini mara tu baada ya kicheko hicho mtunzi anatuonesha kinachofichwa. Ethel amemtuma akachume matunda ya porini, naye amerudi mapema mno, ndoo ikiwa karibu tupu. Baadaye, wakiwa wawili tu, anakiri kwamba hakuitambua njia aliyoipita miaka yote, akaogopa, akakimbilia nyumbani ambako angeiona sura anayoijua.

Mpangilio wa matukio haya mawili ni hodari. Mzaha wa matangazo ya kazi na hofu ya njia iliyosahauliwa ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili. Norman hutania ili asionekane anaogopa. Kwa hiyo mhakiki hawezi kuuchukulia utani wake kama pambo la mazungumzo. Ndio ugonjwa wake, na kama tutakavyoona, ndiyo dawa yake pia.

Mtani asiye na watani

Katika jamii nyingi za ukanda wetu utani ni taasisi. Una wahusika wanaojulikana: makabila yaliyopigana zamani, kama Wahehe na Wangoni, mabinamu, mashemeji, na hasa babu au bibi na wajukuu wao. Una haki zake, kwa maana mtani husema yasiyosemeka. Una wajibu wake, kwa maana mtani hakasiriki, na kwenye msiba mtani huwa mstari wa mbele katika kazi huku akiwa na idhini ya kukifanyia mzaha hata kifo chenyewe. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani, alionesha kwamba utani na heshima ya kukwepana ni njia mbili za kutatua tatizo moja: namna ya kuishi pamoja pale ambapo mahusiano yana mvutano ndani yake. Jamii huamua ni nani ataniwe na ni nani aheshimiwe kwa kuwekwa mbali.

Tukiishika ramani hiyo na kumfuata Norman hatua kwa hatua, makosa yake yanaonekana waziwazi.

Wa kwanza ni Bill, mkwe mtarajiwa. Katika desturi nyingi za Kibantu hakuna uhusiano unaotaka adabu zaidi ya ule wa mkwe na mkwewe. Yako mambo ambayo hawayataji wakiwa pamoja kamwe. Bill, akiwa mtu mwungwana, anamwomba mzee ruhusa ya kulala chumba kimoja na Chelsea. Kwa hadhira ya Marekani hili ni tukio la kuchekesha. Kwa hadhira ya Mwanza au Kampala ni tukio la kuinamisha kichwa. Norman analigeuza ombi hilo kuwa mchezo wa kumdhalilisha mgeni, hadi Bill anakataa kuendelea kuchezewa na kumwambia wazi kuwa anautambua mchezo huo. Bill ndiye mhusika wa kwanza kusema kwa sauti kwamba huu si utani bali ni silaha. Ana haki: utani hauendi upande mmoja. Unaokwenda upande mmoja huitwa kejeli.

Wa pili ni Chelsea. Mtunzi amempa tabia moja ambayo msikilizaji wetu hawezi kuipuuza: anamwita baba yake kwa jina lake, Norman, ilhali Ethel anabaki kuwa mama. Hata kwa Kiingereza hilo lina uzito. Kwa Kiswahili ni pigo. Mwana anayemwita mzazi wake kwa jina tupu amelikata neno ambalo huwafungamanisha. Lakini swali la haki ni nani aliyelikata kwanza. Norman alimlea binti yake kwa mzaha na mashindano, akimtaka awe mvuvi, mpiga mbizi, mtoto wa kiume ambaye hakumpata. Alimtania mtu aliyestahili kulelewa. Binti naye akajibu kwa njia pekee iliyobaki: kama baba ni mtani, basi aitwe kwa jina kama mtani. Usomaji huu unauondolea uhasama wao hali ya kuwa tofauti ya tabia tu. Ni uhusiano uliowekwa mahali pasipo pake kwa zaidi ya miaka 40.

Wa tatu ni Billy, na hapa ramani na safari vinakutana. Kijana anaingia na maneno ya mtaani, bila woga na bila kinyongo. Anajibu. Kwa mara ya kwanza Norman anapata mtu ambaye maneno yake makali hayamjeruhi, kwa sababu hakuna deni la zamani kati yao. Jambo la kutazamwa kwa makini, hasa katika filamu, ni neno la utani wanalorithishana: Norman anamuuliza kijana anafanya nini na wasichana, Billy anamjibu kwa neno la vijana la kubusiana, na baadaye mzee analipeleka neno hilo kwa Ethel kama mwaliko wa mahaba. Msomaji wetu hahitaji maelezo. Mapenzi ya wazee ni mada ambayo mtoto haigusi mbele ya baba, lakini mjukuu huigusa kila siku anapodai kuwa bibi ni mke wake na babu ni mshindani wake. Thompson, bila shaka bila kuijua desturi yetu, amefika mlango ule ule: kizazi cha tatu kina kibali ambacho kizazi cha pili hakina.

Babu kabla ya ndoa

Ipo hoja moja ya kimuundo inayotilia nguvu usomaji huu. Norman hana mjukuu wa damu. Billy anaachwa kwake Julai, wakati Bill na Chelsea bado ni wachumba tu. Habari kwamba wamefunga ndoa huko Ulaya inafika Agosti, Chelsea anaporudi. Kwa maneno mengine, ndoa inakuja kuthibitisha udugu ambao tayari umeshatengenezwa na boti, chambo na alfajiri nyingi za pamoja. Mtunzi angeweza kuanza na ndoa, na mkwe na mjukuu wakawa halali tangu mwanzo. Hakufanya hivyo, na kwa kutofanya hivyo anasema kwamba hadhi ya babu hutokana na kazi inayofanywa na watu wawili wanaohitajiana.

Filamu inaikaza hoja hii kwa tukio ambalo tamthilia haina. Usiku, katika ghuba yenye miamba, boti inagonga jiwe na mzee anatupwa majini. Kijana anajirusha kumwokoa, na wote wawili wanashikilia mwamba hadi Ethel na Charlie wanapowapata. Kama mbinu, tukio hili lina kasoro: linatumia hatari kubwa kuthibitisha jambo ambalo mazungumzo yalikwisha kulithibitisha kwa upole. Tamthilia, inayobaki sebuleni, inamwamini zaidi msikilizaji. Mahali pengine, hata hivyo, filamu inapata kile ambacho sebule haiwezi kutoa: Chelsea, mtu mzima, anaruka kinyumenyume majini mbele ya baba yake, kitendo alichoshindwa utotoni. Upatanisho wao unapitia mwili kabla ya maneno, na hilo linaafikiana na hoja yetu kwamba katika kazi hii watu hukutana kwa kutenda pamoja.

Kuna upungufu ambao hakuna toleo linaloweza kuukwepa. Ethel, mwenye miaka 69, ndiye anayefungua nyumba, kupika, kupatanisha, kumfariji mumewe aliyepotea njia na kupiga simu moyo unapomshika. Kustaafu kwa Norman kunajadiliwa kwa saa mbili. Ethel hastaafu hata dakika moja, na hakuna mhusika anayeliona hilo. Kazi inayompa babu nafasi yake inasimama juu ya kazi ya bibi isiyotajwa. Mhakiki wa ukanda wetu, anayejua ni nani hasa anayelea wajukuu vijijini, hana budi kulisema.

Kazi ya mfasiri

Kiswahili kina urithi wa tamthilia za kutafsiriwa; Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere ya mwaka 1969 imethibitisha kwamba mawazo ya mbali yanaweza kuzungumza kwa lafudhi yetu. Atakayeitafsiri On Golden Pond atakuwa na uamuzi mmoja unaozidi mengine yote: matumizi ya neno babu. Kwa adabu yetu kijana yeyote humwita mzee yeyote babu tangu salamu ya kwanza. Mfasiri akiifuata adabu hiyo ataufuta mgogoro, kwa kuwa Norman atakuwa babu mlangoni kabla hajawa babu moyoni. Tunapendekeza neno hilo lizuiliwe. Billy aanze na mzee au hata jina, na babu lije mara moja tu, baada ya uvuvi, likiwa limelipiwa. Kwa upande wa Chelsea, jina tupu libaki lilivyo, bila kulainishwa kuwa Baba Norman. Hadhira ishtuke, mshtuko huo ndio maana.

Kwa maonesho ya kikanda mfasiri anaweza kuacha nafasi kwa neno la mahali, kwani jjajja ya Uganda na sogokuru ya Rwanda zina joto lake. Sharti ni lile lile: lisitamkwe kabla ya wakati.

Funzo na mipaka yake

Wapangaji wa sera waliomo miongoni mwa wasomaji wa juzuu hii wana haki ya kuuliza kazi ya Maine inawahusu vipi. Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2016 itifaki kuhusu haki za wazee. Tanzania ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Kenya nayo ina malipo ya wazee wa umri huo kupitia mpango wa Inua Jamii. Hatua hizi zinajibu njaa na ugonjwa, nazo ni za lazima. Norman anavyo vyote ambavyo hatua hizo zinatafuta kuvitoa: nyumba mbili, mke, akiba. Hata hivyo katika onesho la kwanza ni mtu anayengojea kufa. Anachokosa hakimo katika orodha ya malipo. Anakosa mtu wa kumhitaji.

Lakini funzo hili haliwezi kuhamishwa zima zima. Wazee wengi wa vijiji vyetu, hasa wanawake, wana tatizo lililo kinyume na la Norman: wanalea wajukuu waliofiwa na wazazi au walioachwa na wazazi waliokwenda mjini, bila pensheni ya kutosha. Hawakosi mtu wa kuwahitaji. Wanahitajiwa kupita kiasi. Kwao upweke wa profesa kando ya ziwa ni anasa. Atakayetumia tamthilia hii kudai kwamba mzee anahitaji upendo kuliko fedha atakuwa ameisoma vibaya, kwa sababu Norman anaweza kuwa babu wa kuvua samaki kwa kuwa kuna aliyekwisha kulipa chakula.

Funzo linalobaki ni jembamba lakini imara. Pale ambapo serikali au shule huwakutanisha wazee na vijana, mara nyingi mzee huketishwa kitini asimulie, na kijana huketishwa chini asikilize. Tamthilia hii inaonesha mkutano wa aina nyingine, ambamo wawili hao wana kazi moja mikononi, na simulizi huja yenyewe wakati wa kungoja samaki. Mradi wa kukusanya fasihi simulizi, bustani ya shule au karakana ya kijiji inaweza kupangwa hivyo bila gharama ya ziada. Na utani, ambao sera zetu za utamaduni huutaja kama kumbukumbu ya mambo ya kale, unaweza kutazamwa upya kama kanuni hai ya vizazi kuzungumza bila kuumizana.

Hitimisho

Tumeonesha kwamba kipimo cha utani kinaeleza mambo matatu katika On Golden Pond: kwa nini maneno yale yale ya Norman yanamdhalilisha mkwe, yanamjeruhi binti na kumchangamsha kijana, kwa nini mtunzi ameitanguliza kazi ya pamoja kabla ya ndoa, na kwa nini upatanisho wa baba na binti unawezekana tu baada ya babu kupatikana. Norman alipokwisha kupata wa kumtania kwa haki, ndipo alipoweza kuacha kumtania asiyestahili. Chelsea hakumpata mtani mpya. Alimpata baba, kwa kuwa nafasi ya mtani ilikuwa imepata mwenyewe. Nadharia za uhakiki tulizozoea kuazima kutoka nje zingeweza kutufikisha karibu na hapo. Dhana iliyotufikisha ni yetu, na inastahili kutumiwa kuhakiki kazi za wengine kama inavyotumiwa kuelezea mila zetu.